Wenye Dau Wako Joshoni

Kati ya mwaka 1990 na 1996, kumbukumbu rasmi za Tanzania zilionyesha kwamba kichaa cha mbwa kiliua wastani wa watu 10.8 kwa mwaka, nchi nzima. Mwaka 2002 jarida la Shirika la Afya Duniani likachapisha hesabu nyingine kabisa. Mtafiti Sarah Cleaveland na wenzake hawakuanzia kwenye taarifa za vifo. Walianzia kwa watu walioumwa na mbwa: wangapi wameumwa, wameumwa sehemu gani ya mwili, mbwa mwenyewe alikuwa na dalili gani, nani alichomwa sindano na nani hakuchomwa. Walipomaliza kujumlisha walifika karibu vifo 1,500 kwa mwaka. Wengine wamepiga hesabu upya tangu hapo na kupata idadi ndogo kuliko hiyo, lakini hakuna aliyerudi kwenye watu kumi.

Hao waliokosekana vitabuni walikuwa wapi? Walikuwa majumbani mwao. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mgonjwa anayeogopa maji na kutapatapa, akifikishwa hospitali, mara nyingi ndugu humchukua wakamrudisha nyumbani akafie kwao. Wengine hawafiki kabisa. Wanaishia kwa mganga wa kienyeji, au njiani, au kitandani mwa mama zao. Msiba ukiisha, hakuna karani anayekuja kuuliza.

Naanza na hesabu hizo kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa wengi linasikika kama la wataalamu peke yao: namna taifa linavyoamua ni dawa ipi, chanjo ipi, kipimo kipi na mashine ipi inunuliwe kwa fedha ya umma, na nani aulizwe kabla ya kuamua. Kitaalamu kazi hiyo inaitwa tathmini ya teknolojia za afya. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziijengee uwezo. Wizara ya Afya ya Tanzania iliunda kamati yake ya kitaifa katika miaka ya mwisho ya muongo uliopita, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuipitia Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Ni kazi njema. Nchi isiyo na fedha ya kununua kila kitu lazima ichague, na afadhali ichague kwa hesabu kuliko kwa ushawishi wa mwenye kiwanda.

Ila hesabu hufuata swali, na swali hufuata aliyekaa mezani. Ukianzia kwenye vyeti vya vifo unapata watu kumi, na ugonjwa wa watu kumi kwa mwaka hauwezi kudai shilingi kutoka bajeti yoyote. Ukianzia kwenye boma la mfugaji unapata ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kuwashirikisha wananchi ni adabu tu, kitu cha kuongezewa mwishoni ili ripoti ipendeze. Kwa kichaa cha mbwa, bila wananchi takwimu yenyewe haipo.

Neno letu mdau limetokana na dau, kile mchezaji anachokiweka chini kabla mchezo haujaanza. Mwenye dau ni mwenye cha kupoteza. Siku hizi ukisikia kikao cha wadau unajua utakuta nini: ukumbi wa hoteli, vitambulisho shingoni, chai ya saa nne, karatasi ya kusaini posho. Waliomo ni watu wazuri na wengi wanajua kazi yao. Lakini katika jambo hili, dau kubwa limewekwa na mtoto wa darasa la pili anayepita kwenye maboma manne ya jirani kila asubuhi akienda shule. Yeye hayumo ukumbini, na mama yake hayumo.

Twende Serengeti, mkoani Mara.

Wilaya ya Serengeti, yenye makao yake Mugumu, na ya Tarime, inayopakana na Kenya hapo Sirari, ni nchi ya ng'ombe. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wamefuga mbwa tangu enzi za mababu, na hawakumfuga kwa mapambo. Mbwa ndiye mlinzi wa zizi dhidi ya fisi na dhidi ya wezi wa mifugo. Mtu wa mjini akiona mbwa anazurura barabarani bila mnyororo humwita mbwa koko, na ushauri wake wa kwanza ni kwamba halmashauri ipige risasi au iweke sumu. Watafiti walipofika vijijini na kuuliza boma kwa boma waligundua kile ambacho kila mtoto wa huko angewaambia bure: karibu kila mbwa anayezurura ana mwenyewe. Ana boma, na kuna mtu anayempa makombo. Jambo hilo dogo linabadilisha sera nzima. Kama mbwa hawana wenyewe, unawaua. Kama wana wenyewe, unawaita wenyewe. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba kuua mbwa kwa wingi hakuondoi kichaa. Kunakoondoa ni kuwachanja wengi wao, na lengo linalotajwa ni asilimia 70.

Hata hivyo chanjo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi haikusukumwa na uchungu wa watu peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaoshambulia jamii ya mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao. Kabla ya hapo, mwaka 1991, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika eneo hilo. Dunia ilishtuka. Fedha za kuchanja mbwa wa vijijini dhidi ya ugonjwa huo na dhidi ya kichaa zilipatikana, na miaka ya baadaye bustani ya wanyama ya Lincoln Park Zoo ya Chicago ikawa miongoni mwa walioibeba kazi hiyo. Nashukuru kwa kila sindano iliyotolewa, maana mbwa aliyechanjwa kwa ajili ya simba anamlinda mtoto pia. Lakini mtu wa Mara ana haki ya kuuliza kwa nini maisha ya mwanawe yalihitaji kupewa lifti na simba ili yafike mezani. Jibu ni kwamba simba alikuwa na wasemaji. Mtoto alikuwa na ndugu waliokuwa wakilia kilomita nyingi kutoka kwenye lami.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Kuanzia mwaka 1996 watafiti walichanja mbwa wa Wilaya ya Serengeti katika kampeni nne na kufikia kiwango cha asilimia 64.5. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Wilaya jirani ya Musoma, ambako hapakuchanjwa, hapakuwa na mabadiliko ya namna hiyo. Watu waliokwenda hospitali ya Serengeti kwa kuumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua pia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2003. Katie Hampson na wenzake waliendelea kufuatilia maambukizi Serengeti na Ngorongoro, mbwa mmoja hadi mwingine, wakigonga milango na kuuliza mbwa huyu aliumwa na nani, naye akamuuma nani. Wakaonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kitu kidogo juu yake. Kwa lugha ya kawaida, ugonjwa huu ni moto wa majani machache. Hauhitaji mto kuuzima.

Lakini fikiria taarifa hiyo ya maambukizi ilitoka wapi. Haikutoka maabara. Ilitoka kwa wazee na akina mama waliokumbuka kwamba mbwa wa rangi fulani alipita jioni, akang'ata ndama, akaelekea mtoni. Wanakijiji ndio walioishika kumbukumbu yote, na sayansi iliwategemea wao. Sijui kwa nini tunawaona ni werevu kiasi cha kutupatia takwimu, kisha tunawaona wajinga inapofika saa ya kuamua takwimu hizo zitumikeje.

Nao walikuwa na maswali yao ya haki. Fisi je? Mbweha je? Kuna faida gani kuchanja mbwa wa nyumbani ilhali pori limejaa wanyama? Hilo ni swali la mtu anayeishi mpakani mwa hifadhi, si swali la ofisini. Watafiti walilifanyia kazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hapa kwetu mbwa wa nyumbani ndiye anayeuweka ugonjwa hai. Wanyama wa porini huambukizwa, lakini peke yao hawaudumishi. Jibu hilo likipelekwa kijijini lina uzito kuliko bango lolote, kwa sababu linajibu kilichoulizwa.

Mtu aliyewahi kusimama kwenye siku ya chanjo ya mbwa huko Mara hasahau. Kituo huwa joshoni, au chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, au uwanja wa shule. Watoto ndio huja na mbwa. Wanawavuta kwa kamba za katani, vipande vya minyororo, mikanda ya suruali. Wapo wanaobeba vitoto vya mbwa kwenye ndoo na mifuko ya salfeti. Kelele ni nyingi na mbwa wanapigana. Nami nilipokuwa mdogo nilipewa kazi hiyo, nikashikilia kamba kwa mikono miwili huku natetemeka, kwa sababu mbwa wetu alikuwa hamsikilizi mtu yeyote isipokuwa baba. Kutokana na siku zile najua kitu ambacho sijakiona kimeandikwa kwenye mpango wowote: mbwa mkali kuliko wote hubaki nyumbani, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kumshika na baba yuko machungani. Siku ya chanjo ikipangwa asubuhi ya siku ya mnada, baba na mbwa mkali wote wamekosekana.

Hayo ndiyo maarifa yanayoamua kama asilimia 70 itafikiwa au la. Vitoto vya mbwa, kwa mfano. Wenye mbwa wengi huviacha nyumbani wakiamini ni vidogo mno, na kuna wachanjaji walioamini hivyo pia, kumbe mtoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu anaweza kuchanjwa salama. Gharama nayo. Kule N'Djamena, Chad, mwenye mbwa alipotakiwa kulipia, kiwango cha chanjo kilibaki asilimia 24. Ilipotolewa bure kilifika 71. Hata mwenye boma akiuliza kama sindano itampunguzia mbwa wake ukali, anauliza jambo la msingi kabisa, maana kwake mbwa ni kufuli la zizi. Anayelicheka swali hilo ajiandae kuchanja mbwa wachache.

Tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa baridi. Chanjo ya mbwa kiwandani huandikiwa nyuzijoto 2 hadi 8. Maana yake ni jokofu, na jokofu ni umeme, na umeme ukikosekana chanjo inakaa wilayani. Hivyo timu hutoka mjini na gari na visanduku vya barafu mara moja kwa mwaka, hupita kijijini saa chache, huondoka. Mbwa anayezaliwa wiki inayofuata hana kinga hadi mwakani, na mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi. Kila mwezi unaopita kinga ya kijiji inavuja kama gunia lililotoboka.

Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walichapisha jaribio lililouliza swali ambalo mtu wa kijijini angeliuliza siku ya kwanza: je, kweli ni lazima iwe baridi hivyo? Chanjo moja inayotumika sana, ikikaa kwenye nyuzijoto 25 kwa miezi 6, au 30 kwa miezi 3, ilimpa mbwa kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyotoka kwenye jokofu. Kisha mtafiti Mtanzania Ahmed Lugelo na wenzake wakatengeneza chombo cha kupozea kwa vifaa vya hapa hapa, kwa kanuni ile ile ambayo bibi zetu waliitumia kupoza maji ya kunywa mtungini: maji yakivukia kwenye udongo, huondoka na joto. Hakihitaji umeme wala barafu. Chanjo ikaweza kukaa kijijini. Katika vijiji vya Mkoa wa Mara wakajaribu utaratibu ambao mtu wa kijiji anashirikiana na afisa mifugo wa kata, na mbwa wanachanjwa mwaka mzima badala ya siku moja. Kinga katika vijiji hivyo ilidumu juu vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa kwa utaratibu wa timu inayokuja na gari mara moja kwa mwaka.

Hapa ndipo naomba msomaji asimame nami kidogo. Tunapotamka teknolojia za afya, macho yetu yanakimbilia mashine yenye skrini. Hapa teknolojia ni chupa ya chanjo, chombo cha udongo, na mtu anayefahamika kijijini ambaye baba anaweza kumwita jioni akitoka machungani ili mbwa mkali ashikwe na mwenyewe. Vyote vitatu ni lazima vitathminiwe pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine hakifanyi kazi. Kamati yoyote ingeweza kupima chanjo. Ubora wa yule mtu, wa tatu katika orodha hiyo, hupimwa na wanaoishi naye tu. Wanajua kama ni mwaminifu, kama anapokelewa na koo zote, kama wanawake wanaweza kumfuata baba akiwa hayupo.

Sasa kuna ukuta ambao unanisumbua sana. Chanjo ya mbwa iko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Chanjo ya binadamu iko chini ya Wizara ya Afya. Wanaozitoa zote mbili vijijini ni watumishi wa halmashauri, walio chini ya TAMISEMI. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliotumia takwimu za Serengeti na Ngorongoro, ukaonyesha kwamba kuchanja mbwa kila mwaka ni njia yenye tija kubwa kwa gharama ya kuokoa maisha ya watu. Maisha ya watu, narudia. Lakini kamati inayopima teknolojia za afya ya binadamu inapoitisha orodha ya dawa na chanjo za kuzingatia, sindano ya mbwa haimo, kwa sababu mbwa si mgonjwa wa Wizara ya Afya. Anayelipa ni mifugo, anayeokoa fedha ni afya, na kati yao hakuna anayeona faida yote. Kifaa bora kuliko vyote cha kumlinda mtoto wa Nyamongo au wa Natta hakifiki mezani, kwa kuwa afisa mifugo hakualikwa kwenye meza ya afya. Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha dawati la Afya Moja mwaka 2018 ili kuziunganisha sekta hizi, na mwaka huo huo, katika wilaya za mikoa minne ukiwemo Mara, ukaanza utaratibu ambao mhudumu wa afya akimpokea aliyeumwa na mbwa anampigia simu afisa mifugo, naye anakwenda kumchunguza mbwa. Kama simu moja inaweza kuvuka ukuta huo kijijini, basi fungu la fedha linaweza kuuvuka Dodoma.

Upande wa binadamu nao una somo lake. Aliyeumwa anahitaji sindano haraka, na kwa miaka mingi sindano hizo zimekuwa zikipatikana hospitali za wilaya zaidi kuliko zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mtu wa kijijini Tanzania angehitaji zaidi ya dola 100 za Marekani kukamilisha dozi zote, ukijumlisha nauli na siku za kazi zilizopotea. Hiyo ni ng'ombe. Katika familia yetu ilikuwa mbuzi wawili, nauli ya bodaboda ya kukopa, na kituo kimoja nisichokitaja kilichomwambia shangazi, aliyekuwa amempeleka mtoto aliyeumwa, arudi Jumatatu kwa sababu dawa imekwisha. Alikwenda wilaya nyingine siku hiyo hiyo. Mtoto yuko hai leo kwa sababu shangazi ni mtu mkaidi, na sera ya taifa haiwezi kutegemea ukaidi wa mashangazi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ratiba mpya ya sindano za ndani ya ngozi, safari tatu ndani ya wiki moja: siku ya kwanza, ya tatu baada yake na ya saba. Zamani zilikuwa safari nne au tano zilizosambaa mwezi mzima. Kwa mhasibu, faida ni dawa kidogo inayotumika. Kwa mama wa kijiji cha mbali, faida ni nauli moja au mbili asizolipa. Hesabu ya kitaifa ikihesabu chupa tu bila kuhesabu nauli, imehesabu mfuko wa serikali ikasahau mfuko wa mama, ilhali yeye ndiye anayeamua kama mtoto atarudi kwa sindano ya tatu. Gavi, muungano wa chanjo duniani, imefungua mlango wa kusaidia nchi kupata chanjo hii ya binadamu tangu mwaka 2024. Msaada ukija, swali la kwanza liwe itafika zahanati gani. Watakaojibu vizuri ni wale wanaojua daraja gani hupitika masika.

Tumeshaona mara moja tayari kinachotokea tusiposikilizana mapema. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, na wagonjwa wenye kadi mkononi wakarudishwa getini. Kila upande ulikuwa na hoja zake, nami sitaki kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninachojua ni kwamba mgonjwa hakuwa upande wowote, na ndiye aliyelala na maumivu. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023. Kitita chake kitahusu kila Mtanzania, na kila kitu kitakachoingia au kubaki nje ni uamuzi wa aina ninayoizungumzia.

Wapo watakaosema mkulima hawezi kupima chanjo. Kweli, hawezi kupima kinga iliyomo kwenye damu, na hakuna anayemwomba afanye hivyo. Pale Mwanza, jirani zetu, wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki jaribio lililoanza mwaka 2017 kuona kama dozi moja ya chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi inaweza kutosha. Maabara ilisema lake. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Kwa mzazi na mwalimu, dozi moja ni siku moja ya kupata ridhaa badala ya mbili, na msichana aliyehama shule hapotei katikati. Mwanasayansi hupima kama kitu kinafanya kazi mwilini. Anayeishi nacho hupima kama kitafanya kazi kijijini. Kitanda usichokilalia, wahenga walishasema, hujui kunguni wake.

Nchi nyingine zimeshalifanya hili bila kuanguka. Thailand, katika kuamua kitita cha bima yake, hupokea mapendekezo ya nini kitathminiwe kutoka makundi saba, wakiwemo vyama vya wagonjwa na wananchi wa kawaida. Neno kubwa hapo ni mapendekezo ya nini kitathminiwe. Wananchi wanaingia mwanzoni, swali likiwa bado halijafungwa. Uingereza, kupitia taasisi yake ya NICE, iliunda mwaka 2002 baraza la raia 30 wasio wataalamu wa afya.

Lakini hatuhitaji kwenda Bangkok kujifunza kusikiliza. Wakurya wana ritongo, mkutano wa jamii ambao kwa vizazi umeamua mambo mazito ya wizi wa mifugo na usalama, hadharani, kila mtu akisikia. Hoja hutolewa, hupingwa, na uamuzi ukishatoka unashika kwa sababu watu waliuona ukizaliwa. Siusifii mkutano huo kupita kiasi. Kwa desturi sauti yake imekuwa ya wanaume, na wanaume wazee. Katika jambo la kichaa cha mbwa hilo ni kosa kubwa, maana wanaoleta mbwa ni watoto, na wanaoamka usiku na aliyeumwa ni akina mama. Kamati itakayokuja Tarime iketi na wazee, halafu iketi na wanawake peke yao kliniki siku ya mama na mtoto, kisha iende shuleni iwaulize watoto ni mbwa yupi hawezi kushikika. Ikishaondoka irudi na jibu. Watu wa Mara wameulizwa maswali mengi na watafiti kwa miaka karibu thelathini. Wachache waliwahi kurudiwa kuambiwa majibu yao yamefanyiwa nini.

Pemba ilituonyesha kwamba inawezekana. Kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani mwaka 2014, kikaingizwa tena 2016, mbwa wakachanjwa, kikaondolewa kabla ya mwaka 2018 kwisha. Mara si kisiwa. Mbwa anavuka Sirari bila pasi, na chochote tutakachofanya Tarime lazima Kuria upande wa Kenya wakijue na wakifanye. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa. Hatuko mbali nao.

Kwa hiyo nina ombi kwa Wizara ya Afya, kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa TAMISEMI na kwa dawati la Afya Moja. Kabla kamati ya tathmini haijakaa tena kupitia orodha ya dawa na kitita cha bima, ifanye kikao kimoja Mugumu na kimoja Tarime. Isifanyie ukumbini. Ifanyie joshoni, siku ambayo si ya mnada, jioni, mifugo ikisharudi. Iweke mezani kwa pamoja sindano ya mtu, sindano ya mbwa na kile chombo cha udongo. Mwenyekiti wa kamati akae kimya saa ya kwanza. Na kabla kikao hicho hakijafika, wewe unayesoma hapa, mwanao akiumwa na mbwa leo: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na mpigie simu afisa mifugo wa kata yako.